Bi Uzito

Alikuja dukani Jumatatu, mvua imekatika ghafla,
viatu mkononi, sketi ina matope ya Mwembe Tayari,
akasema anataka buluu.
Nikamtolea kopo. Hii ni ya anga, akasema.
Nikamtolea jingine. Hii ni ya bahari.
Nataka buluu isiyo ya kitu.
Mimi Shekuwe, muuza rangi mwana wa muuza rangi,
niliyechagulia nusu ya milango ya Kibokoni rangi zake,
nikakosa la kujibu.
Tulichanganya mpaka adhana ya alasiri.
Alilipia makopo saba, akaondoka na kijiko kimoja.

Baba yake, alinieleza baadaye, alichonga mawe ya makaburi
katika mji mdogo wa Ufaransa, mji wa ukungu na kengele.
Herufi ikikosewa, jiwe halitupwi:
hukabidhiwa mtoto na msasa.
Basi tangu ana miaka tisa Odili alisugua majina ya watu,
Mariane akabaki Mari, Mari akabaki Ma,
mpaka pakabaki kibonde kisicho mtu,
na kibonde kile, alisema, kilikuwa kizuri kuliko jina.
Mengine yote, Paris, maonyesho, mume, kuondoka kwa mume,
aliyasema kwa pumzi moja, kama anayesoma risiti.

Alipanga banda Shimanzi, nyuma ya magodauni ya chai,
ubavuni mwa Mselemu, fundi wa kuchomelea mageti.
Mselemu hakujua Kifaransa,
Kiswahili cha yule bibi kilikuwa cha kuokoteza,
lakini kwenye moto walielewana.
"Hapa." "Hapa?" "Hapana. Hapa."
Milango ya makontena, reli iliyopinda, nanga isiyo na mkono;
asubuhi chuma,
jioni chuma kilekile, ila kimesimama vingine.

Watu wakaja. Mombasa watu huja.
Makuli wakasema ni mlango wa nyumba ya jini.
Muuza mahamri akasema ni mtu na mkewe wamenuniana.
Karani wa bandari akasema vyuma hivi vina wenyewe.
Mwalimu wa madrasa alizunguka mara mbili, akatua:
"Halina uso. Mimi sina kesi nalo."
Bi Odili alicheka mpaka akakaa chini.
Wakamuuliza, sasa ni nini?
Akatafuta neno, akatafuta, Mselemu akimtazama mdomo,
akasema: Ni uzito.
Kicheko kikapasuka hadi barabarani.
Jina likamganda, Bi Uzito,
naye mwenyewe mwembamba kama ufito.

Niseme kweli, mimi pia sikuona kitu.
Turubai zake nilizitundika dukani kwa heshima, na kwa deni:
weupe mwingi, mstari mmoja,
na ile buluu pembeni, kama mgeni aliyechelewa karamu.
Mke wangu akauliza ataimaliza lini.

Alifia hospitali ya Makadara. Kifua. Vumbi la miaka yote ile.
Ndugu zake waliandika barua moja:
vyenye thamani vitumwe, visivyo na thamani viuzwe.
Nani ajue kipi ni kipi?
Mwenye banda akaita wanunuzi wa vyuma chakavu.
Wakaja na minyororo, makelele, mizani ya kuning'iniza,
wakakinyanyua kilichosimama pale miaka kumi na minne.
Kikayumba.
Mshale ukatetemeka, ukatulia.
"Mia tatu na arubaini!" akapaza mpimaji.
Mselemu akavua kofia.
Hakuna aliyecheka.

Nilikuwa nimekuja na daftari la madeni.
Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipandisha bei,
shilingi juu ya shilingi, kama ya mlevi.

Sasa kiko nyuma ya duka, kimekula nusu ya ua.
Upande wa jua mke wangu huanika leso,
upande wa kivuli paka huzalia.
Jana kijana mmoja, mteja wa vanishi, akachungulia:
Kile ni nini?
Nilifungua mdomo, nikaufunga.
Nikamwambia: njoo, shika upande ule,
nami nishike huu.
Tunyanyue.