Orodha Kwenye Friji

Mwenye macho haambiwi tazama.
Lakini Pu Thangzuala, mlezi wa vijana kanisani kwetu,
alituambia tusitazame,
akatugawia karatasi, kila nyumba nakala moja,
na Mama akaibandika kwenye friji
kwa sumaku yenye umbo la nanasi.

Busu: hapana.
Damu: hapana.
Mizimu na maiti wanaotembea: hapana.
Matusi: hapana, hata yakiwa ya Kikorea.

Hapa Lunglei mvua ikishika Mei haijui kuaga,
na jioni mlima mzima hukaa mbele ya tamthilia za Kikorea
zilizotiwa sauti za Kimizo.
Bibi alikuwa amefika sehemu ya arobaini na moja
ya ile ya mama aliyekufa
akarudi kumpikia mwanawe wali.
Akaisoma orodha, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.
"Zimebaki saba tu," akasema.
"Mungu atanisubiri saba."

Mimi sikumsubirisha. Mimi ni binti wa shemasi.
Nilitafuta kwenye simu hadi nikapata kipindi safi:
hakuna busu, hakuna damu,
hakuna mzimu, hakuna tusi.
Ni watu wanaanguka tu.
Ngazi inamwagiwa sabuni, mtu anaanguka.
Kiti kinavutwa, mtu anaanguka.
Bwana harusi anaanguka na keki yake.
Na kila mara kicheko kilekile, cha mashine,
kinachoanza kabla mtu hajagusa sakafu.
Chini ya blanketi nilitazama mpaka simu ikawa moto kama yai la kuchemsha.
Nikasali. Nikalala.

Alhamisi, ngazi za shule zikiwa kijani kwa utelezi,
Hruaizeli aliteleza.
Hruaizeli mwenye mguu mmoja mfupi,
anayenikatia nusu ya chungwa lake bila kuombwa.
Madaftari yalitangulia, yeye akafuata,
ngazi kumi na mbili; nilizihesabu baadaye.
Na kabla sijajijua,
kabla huruma haijavaa viatu,
kicheko kilinitoka.
Nilikitambua. Hakikuwa changu.

Aliinua uso. Hakulia.
Alinitazama kama mtu anayesoma jina mlangoni
ahakikishe kama nyumba ni yenyewe.

Jioni nilisimama mbele ya friji
nikitafuta mstari niliouvunja.
Haukuwemo.

Sebuleni, yule mama mfu alikuwa anapakua wali
kwa mtoto asiyemwona,
na Bibi akijifuta kwa ncha ya shali.
Ilipoisha aliinuka, akajaza bakuli
mchuzi wa majani ya haradali,
akanituma kwa Pu Biaka, aliyefiwa na mkewe mwezi Machi.
"Mwambie kilizidi."
Hakikuwa kimezidi. Usiku ule tulikula kidogo.

Sisemi mizimu ni mizuri.
Wala sisemi Pu Thangzuala amekosea:
kuna usiku mmoja, sitausimulia hapa,
ambao karatasi yake ingeniokoa.
Nasema tu kwamba karatasi hukagua kioo.
Haimkagui anayeinuka
kioo kikishazimwa.

Jumatatu nilimwomba Hruaizeli msamaha, kwenye ngazi zilezile.
Alisema "sawa"
kwa sauti ya jambo ambalo bado si sawa.
Chungwa lake amelila peke yake wiki mbili sasa.
Nangoja.

Nyumbani, mdogo wangu Rema hunining'inia begani:
"Dada, hiki kimo kwenye orodha?"
Rimoti ninayo mimi,
ile ambayo betri zake zimefungwa kwa raba.
Namwambia, usiniulize mimi.
Sogea karibu.
Mtazame usoni yule anayeanguka.

Ana miaka tisa. Akakodoa macho,
pua yake nusura iguse kioo.
Mtu akaanguka. Mwingine akaanguka.
"Dada," akasema, "mbona wanaonesha miguu tu?
Uso hawauoneshi."

Nikampa rimoti.