Sauti ya Runinga

Kipande cha mwisho kilirushwa Jumatatu, saa tatu usiku.
Bi Mwantumu alitandika mkeka mpaka mlangoni,
Hamza wa chumba cha uani akanunua luku ya elfu mbili
umeme usije ukakatika Gervas akiwa bado na mkanda mkononi.

Miezi saba tulimlilia Devota.
Tulilijua jino lililong'oka sehemu ya kumi na nne.
Tulimjua mama mkwe aliyemwambia, "Vumilia, mwanangu,
nyumba ni kusitiriana,"
tukamtukana bibi yule mpaka ubwabwa ukatupalia.

Mwisho ukaja hivi: lori la mchanga, breki zimekufa,
Gervas katikati ya barabara, simu sikioni.
Muziki. Kanga nyeusi. Devota na watoto
wanalifuata jua la studio.
Tukapiga makofi. Hamza akapiga mluzi.
"Mungu si Athumani," akasema Bi Mwantumu.

Mimi niliwaza: mwandishi kachoka.
Hakujua amtoeje mwanamke mlangoni
kwa miguu yake mwenyewe,
akakodi lori.
Hapa Buguruni Malapa malori ya mchanga hupita kutwa,
hakuna hata moja lililowahi kukosea njia.

Sikudhani hakuwepo mkekani.
Sikudhani wa chumba cha nne,
ukuta wake ndio ulioegemewa na runinga.
Miezi saba, kishindo kikianza upande wa pili
kuna mkono ulikwenda kwenye rimoti.
Hatukusemezana. Kumi na nane. Ishirini na tano.
Usiku ule mtoto alipoita "Baba, basi"
tulifika arobaini,
Devota akalia nyumba nzima
na sisi tukalia naye.

Asubuhi, bombani: "Umeamkaje, mama Nasri?"
"Salama." Ushungi umeshuka hadi kwenye nyusi.
Siri ya mtungi aijuaye kata, tukasema,
na sote tulikuwa kata,
tumetundikwa ukutani.

Sasa majina yanapanda kiooni:
aliyeshika taa, aliyeshona magauni,
aliyechora majeraha.
Hamza anabonyeza. Kioo kinazima.
Kimya cha namna hii hatujakizoea.

Kiti kinaburutwa, upande wa pili.
Kisha kofi.

Tunaitazama rimoti.
Hakuna wa kumwongezea sauti.

Bi Mwantumu anapapasa kandambili zake.
"Naenda kuomba chumvi."
Saa nne usiku. Chumvi haiombwi usiku,
yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha.
Hamza anasimama. Mimi nina bakuli mkononi,
sikumbuki nimelitoa wapi.
Watu saba koridoni, wote wameishiwa chumvi.

Tunagonga.

"Nani?" sauti ya mwanamume.

Hakuna kati yetu aliyekariri jibu.