Kijani Kipi

Chupa tano za akriliki mkekani,
kifaru cha plastiki, kikubwa kama kibiriti.
Boksi lasema: kijani cha jeshi.
Kipi? Cha kisamvu? Cha karafuu mbichi?
Hiki chang'aa mno, kama mlango wa msikiti.

Nampelekea Ami Khelef, aliyekwenda Kagera
akarudi Wete na sikio moja zima.
Atia tone ukuchani, angoja likauke;
akriliki hukolea ikikauka.
Azikataa zote.

"Rangi gani? Sisi hatukuiona rangi."
Aenda nyuma ya banda,
arudi na udongo mwekundu kiganjani.
"Changanya na huu. Minyororo kwanza."
Kisha agusa kifuniko cha juu kwa ncha ya kidole:
"Hapa usipake.
Hapa alikaa Shaame."