Maji ya Tatu

Ukifungua kalamu ya seluloidi
iliyolala gizani miaka hamsini
inakupulizia kafuri.
Si mfano. Ni kafuri yenyewe,
waliyoichanganya na pamba na tindikali
wakapata kitu kinachong'aa kama mgongo wa kombamwiko
na kuwaka upesi kuliko nyasi za Septemba.
Mara ya kwanza niliirudisha mezani haraka.
Pua yangu iliijua harufu ile kutoka kwingine:
Kondoa, ua wa nyuma, mashuka yamening'inizwa,
baba akioshwa maji ya mwisho.

Ninazo thelathini na moja.
Nazilaza kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda,
mbali na paa,
maana joto la Kongwa halina adabu kwa vya zamani.
Ile ya maziwa imegeuka rangi ya samli.
Ile ya kijani, yenye mawimbi kama lambo likipigwa na upepo,
imeota unga mweupe shingoni;
nimeitenga kama mwenye surua,
kwani kuoza kwake kunaambukiza.
Za rezini ni wajukuu: ngumu, rangi za pipi,
hazinuki kitu, hazikumbuki kitu.
Nazipenda pia. Mtu hapendi wazee tu.

Mke wangu Zamda huwaambia wageni,
"Ana kalamu thelathini na moja
na kuku wangu hawana banda."
Ni kweli.

Nyingi nilizipata hapa hapa.
Waliokuja kulima karanga, udongo ukawashinda,
waliacha matrekta, wakaacha madaftari,
na ndani ya koti la mnada, penye bitana iliyotatuka,
kalamu nyeusi yenye mistari ya lulu
ambayo muuzaji alidhani ni kipimajoto.

Lakini hii nyekundu ilitoka Mlali.
Bibi Mbeleje, mjane wa karani Chilongani,
aliileta ndani ya soksi.
Hakutaja bei. Alitaka kujua kama bado inaandika.

Ndiyo iliyoandika Operesheni:
kaya, vichwa, ng'ombe, mbuzi, mahali pa kuhamia.
Mumewe kakalia debe, chemli mkono wa kushoto,
usiku kucha akiorodhesha watu waliolala
ambao lori lingewaamsha.
Mama yake mzazi yuko mstari wa kumi na tisa.
"Alimwandika vizuri," Bibi akasema.
"Hati yake ilikuwa nzuri mno.
Hicho ndicho kilichomtafuna."

Nikaleta bakuli la maji ya uvuguvugu.
Ya moto yangeipinda.
Maji ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa ya msibani.
Ya pili yakawa bluu, bluu ya fomu za serikali,
na Bibi akainama
akautazama ule uzi ukishuka kutoka nchani,
ukizunguka bakuli, ukikatika.

"Humo mna majina yaliyobaki?"

Mimi ni fundi wa taipureta, mstaafu.
Nikasema, "Mna wino, Bibi."
"Nasikia. Nauliza wa nani."

Maji ya tatu yakatoka safi
na chumba kizima kikanuka kafuri.
Zamda akaja mlangoni na ungo wa uwele,
akanusa,
akauweka chini, akajitanda khanga kichwani
bila kuuliza nani.

Mjane aliomba bakuli, si kalamu.
Alikuwa ameyakusanya humo maji yote matatu.
Akatoka nayo polepole asimwage,
akachimba kwa kisigino nyuma ya choo kipya,
akamimina, akafukia, akakanyaga.
Kwetu pale pangeitwa ufuo.
Yeye ni mtu wa kanisani; sikumwambia.

Soksi alirudi nayo.

Kalamu ninayo. Nimeikausha, nimeipa mpira mpya,
nibu yake imenyooka, ya dhahabu, iko tayari.
Sijaijaza.
Iko kwenye kopo pamoja na wenzake, upande wa ukutani,
na Zamda akiulizwa na wageni
bado husema thelathini na moja.