Mkimbiaji wa Nne

Mama Kitwana, ulikuja uwanjani Jumatatu
vidole vingali na unga wa viazi karai,
hukuketi, hukungoja salamu,
ukaniuliza mbele ya watoto: "Mwanangu amekukosea nini?"

Nilikujibu vibaya. Nilisema, "Sheria ni sheria,"
nikageuka kuhesabu koni kana kwamba zimeibiwa.
Leo niache nijaribu tena.

Kijiti chetu si kijiti. Ni kipande cha bomba la maji
nilichookota fundi alipomaliza choo cha shule,
nikakikata kwa msumeno, nikakizungushia utepe mwekundu.
Tsuma humpa Salmini, Salmini humpa Omolo,
Omolo humpa Kitwana,
na Kitwana, wallahi, akishakipokea
hata kunguru wa Tononoka hunyamaza kidogo.

Lakini kupokea ndiko kugumu, mama.
Kukimbia, hata mbuzi hukimbia.
Mpokeaji haangalii nyuma. Mkono nyuma, macho mbele,
kiganja wazi kama cha mtu anayengoja chenji gizani,
na huanza kukimbia kabla hajapewa kitu.
Hilo ndilo ninalofundisha. Mengine ni jasho tu.

Sasa, asubuhi tatu mfululizo, saa kumi na mbili,
umande ungali kwenye nyasi chache tulizobakiwa nazo,
Omolo alitoka konani na bomba mkononi,
akaita "Shika!"
na hapakuwa na kiganja.
Siku ya tatu hakupunguza mwendo. Alikwenda nalo mpaka ukutani,
akaugonga, akarudi analia kwa hasira.
Mbio za sakafuni, nikamwambia, nikidhani nimesema neno.

Jumamosi nikampanga Chengo.
Chengo hajakosa hata siku moja. Chengo ana miguu mizito.
Kwenye kona ya mwisho tulikuwa wa pili,
tukamaliza wa tano.
Kitwana alikaa ngazini, amevaa jezi ndani ya shati;
niliiona ile kola ya kijani, nikajifanya sikuiona.
Saa yangu haijui kubembeleza: naye, tungeshinda.
Nimelala na hilo, nimeamka nalo.

Kisha ukasema, umeshanipa mgongo:
"Saa tisa za usiku yuko Kongowea anashusha vitunguu.
Mguu wangu umevimba. Ulidhani yuko kitandani?"

Miaka kumi na mmoja nawahesabia sekunde watoto wa watu.
Sikumuuliza huyu alilala wapi, wala kama alilala.
Nilimwita mtoro, naye akiwahi lori kila usiku
bila kengele, bila filimbi, bila kocha.
Na yeye naye, kwa nini alinyamaza?
Hapo bado ana kosa, sitalifuta:
Omolo alistahili kuambiwa.

Basi zoezi limehamia alasiri, baada ya swala,
jua likiunguza, na babake Salmini kashalalamika.
Anayechelewa bado huzunguka uwanja mara mbili.
Sikuweza kubadili zaidi ya hapo.

Jana alikuja. Ananuka vitunguu, begani ana alama ya gunia.
Omolo hakumsemesha, alimpachika bomba kama anayempiga.
Wakarudia mara tisa hivyo hivyo.
Mara ya kumi wakacheka, sijui kwa nini.

Halafu Omolo akabanwa na misuli, nikashika nafasi yake mimi,
baibui nimelikunja kiunoni, viatu nimevivua.
Nikatoka konani. Nikamwona mwanao mbele yangu:
mkono nyuma, macho mbele,
kiganja wazi, ameshaanza kukimbia.
Nikaita "Shika!"
Hakugeuka. Sikumfikia.

Alisimama kule mwisho, mkono ungali nyuma,
akasema kwa adabu kabisa,
"Umechelewa, kocha."

Nikazunguka mara mbili, mama Kitwana.
Wao wakihesabu.