Ukuta Uliokataa Saruji

Tulipewa funguo tatu, mlango mmoja.
Mbili hatujui mpaka leo zinafungua nini.
Bwana Chinguile alihesabu pesa mara mbili, akasema,
"Nyumba nzuri. Ina maneno kidogo tu,"
akapanda bodaboda ya Mtwara mjini
kabla hatujauliza maneno gani.

Maneno yenyewe haya:
popo darini, ukoo mzima, wajukuu kwa vitukuu;
mchwa waliokula boriti wakabakiza rangi ya boriti;
bati lenye matundu, sebule ina nyota saa sita mchana.
Chumba cha nyuma kiliwahi kuwa stoo ya korosho.
Salfa bado imeng'ang'ania kwenye kona;
ukifagia, unalia na msiba huna.

Mimi nafundisha hisabati.
Nikachora jedwali: mbao, misumari, mifuko arobaini ya saruji,
nikapiga mstari, nikaandika jumla kwa wino mwekundu.
Sharafi akalisoma juu chini, akacheka.
"Nyumba haijasoma hesabu zako."

Fundi Somoe alikuja na dada yake mdogo na ndoo mbili.
Miaka ishirini na saba, meno ya mbele yana mwanya.
Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akaweka sikio.
"Haya matumbawe. Yamejengewa chokaa.
Saruji msimpe."
Alisema *msimpe*. Hakusema *msiupe*.
"Saruji hapa ni mwiko,"
akachomeka mwiko wake kiunoni,
akataja bei yake.

Tukamshukuru. Tukatafuta wa bei rahisi.

Wa bei rahisi alimaliza siku mbili.
Lipu ikanyooka kama shati la Idi.
Nikapiga picha, nikamtumia mama Newala,
mama akajibu: *Mashallah, kama benki.*

Masika yakaingia.
Kwanza ukuta ukatoka jasho.
Kisha chumvi, unga mweupe ukitambaa
kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti.
Kisha lipu ikaumuka kama andazi,
na usiku wa Jumatano, saa tisa,
ikadondoka yote kwa pamoja,
ikavunja meza na thermosi ya zawadi ya harusi.

Tukakaa kitandani, miguu juu, tochi ya simu.
Nikasema, "Ni wewe uliyemleta."
Akasema, "Ni wewe uliyesema bei."
Tukanyamaza siku nne.
Ndani ya nyumba yenye matundu yale,
upepo ukipita tu, maneno yetu hayapiti.

Pesa za mnada wa tatu hazijatoka ghalani.
Tukauza jenereta.
Nikampigia Somoe, nimejiandaa kwa *niliwaambia*.
Akauliza, "Mapipa mnayo?"

Chokaa ya mfuko, kutoka Tanga,
ikatiwa majini ikachemka bila moto.
Akaifunika magunia: wiki sita, kama mwali,
haichunguliwi, haiharakishwi.
Wiki hizo sita tulikuwa tunabandua saruji,
kwa patasi, kwa nyundo, kwa kucha;
na kila kilipong'oka kipande
jiwe la chini lilikuwa limelowa,
lina mfupa wa bahari ndani yake,
tundutundu, kama mkate.
Linapumua, alisema Somoe. Mlikuwa mmeliziba pua.

Sharafi alikuwa anashika ngazi.
Mimi narusha chokaa, nakosa, narusha.
Siku ya tatu akasema, bila kunitazama,
"Na mimi nilikuwa nimeziba."
Sikumjibu. Nikampa ndoo.

Sasa ukuta ni mweupe, una mabonde.
Jirani Bi Nantende kaupapasa, kasema,
"Umepigwa lipu na kuku?"
Popo wawili wamerudi. Tumewaachia kona ya stoo.
Upande wa kaskazini bado una unyevu,
Somoe anasema utakauka baada ya miaka miwili,
labda mitatu, akipenda mwenyewe.

Nimefungua jedwali langu.
Mbele ya *ukuta* nimeandika: miaka miwili, labda.
Nimeandika kwa penseli.