Nafasi Moja

Jina lilibandikwa Jumatatu, kwa gundi ya unga wa muhogo,
kwenye mlango wa stoo ya mipira:
Nandonde, Longino. Miaka kumi na saba. Newala.
Nafasi ilikuwa moja tu.
Adhuhuri haijafika, Chikongola nzima imeshatoa hukumu.

"Shina la muhogo!" anasema Mchopa fundi baiskeli,
spoku mdomoni, gurudumu magotini.
"Mrefu, sikatai. Hata nguzo ya umeme ni ndefu,
nani kaiona ikifunga kikapu?
Na wamemwacha Bakiri. Bakiri wetu!
Aliyewafunga Songea pointi ishirini na sita
na kidonda cha msumari kisiginoni."

"Bakiri ana miaka thelathini na mbili," anajibu Somoe wa duka la dawa,
"na goti lake linatabiri mvua kuliko redio.
Utanunua korosho ya mwaka juzi
kwa kuwa unakumbuka utamu wake?"

"Na wewe unanunua ua! Ua la mkorosho!
Ubwiri ukishuka Agosti hii, utavuna nini?"

"Ndiyo maana kuna salfa, Mchopa.
Ua hupulizwa. Goti halipulizwi."

Watu wakacheka, na Mchopa akacheka kidogo,
kwa hasira, kama mtu anayelipa deni.

Dadi wa bodaboda akaleta ushahidi wake:
alimbeba kijana kutoka stendi,
magoti yakimbana mbavu njia nzima,
hakuongea mpaka Ligula, na Ligula aliuliza tu
kama huku maji ya kunywa yana chumvi.
"Mtoto wa hivyo atamfokea nani uwanjani?"

"Katibu ni mjomba wake," sauti ikatoka nyuma.
"Katibu ni Mmakua wa Masasi. Ujomba wa wapi?"
"Ujomba hauna ramani."

Hapo Bakiri akapita na toroli la saruji.
Hakusimama. Alisalimia kwa kidevu.
Tulinyamaza mpaka akakata kona,
na hata alipokwisha kukata, aliyeanza tena
alianza kwa sauti ya chini.

Mimi ndiye ninayeandika pointi kwa chaki.
Miaka sita sasa, na hakuna aliyewahi kuniuliza maoni.
Lakini daftari la Jumamosi ya majaribio ninalo:
kijana alirusha mipira kumi na tisa.
Iliyoingia, minne.
Siwezi kuipamba. Minne.

Ila nina tabia ya kuandika pembeni
mambo ambayo ubao hauna nafasi nayo.
Alikosa mara kumi na tano.
Mara kumi na nne, mpira ukiwa bado unalia kwenye pete,
yeye ameshageuka, anakimbia kulinda nyuma,
wa kwanza, mbele ya wote waliokuwa wanamlaumu.
Mara ile moja aliinama
kufunga kiatu kwa kamba ya katani.

Nikawasomea.
"Kurudi mbio," alisema Mchopa, "hata mbuzi anarudi, jioni."
Nikafunga daftari.

Alhamisi kijana amekuja kwa mguu, na kandambili,
viatu amevishika mkononi, vimefunua midomo kama samaki.
Namba arobaini na saba.
Somoe ameulizia soko zima, amepiga simu hadi Lindi.
Hakuna.

Sasa mguu wa Newala uko juu ya sanduku la spana,
na Mchopa anakata tairi la trekta kwa msumeno mdogo,
anapima kwa spoku, anatoboa, anapitisha uzi wa nailoni.
Hainui uso.

"Wamekosea," anamwambia. "Nasema mbele yako, nisiitwe mnafiki.
Walitakiwa kumchukua Bakiri."

"Ndiyo, baba."

"Sogeza kisigino."